Je, wajua kwa nini dawa huisha zahanati huku zahanati jirani inayo tele?

Mgonjwa akiambiwa "dawa hakuna, kanunue nje," wa kwanza kushukiwa ni mwizi. Wizi upo, sikatai. Lakini dawa huweza kuisha hapa bila hata kidonge kimoja kuibwa, na katika wilaya hiyohiyo zahanati nyingine ikawa na maboksi yanayokaribia kuisha muda.

Chanzo kimojawapo ni namna ya kuagiza. Kwa miaka mingi zahanati za Tanzania ziliagiza kila miezi mitatu: mhudumu anahesabu akiba, anajaza fomu, fomu inakwenda wilayani, kisha Bohari ya Dawa. Kinachoagizwa hutegemea matumizi ya miezi iliyopita. Mvua zikishika na malaria ikapanda, hesabu ya kiangazi haifai tena, na wilayani hakuna anayejua hadi fomu nyingine ifike.

Dawa ya mseto ya malaria ina ugumu wake zaidi. Hufungwa katika pakiti za aina nne kulingana na uzito wa mgonjwa, kuanzia vidonge 6 vya mtoto mdogo hadi 24 vya mtu mzima. Zahanati inaweza kujaa pakiti za wakubwa ikakosa za watoto. Mhudumu hawezi kumwangalia mtoto akiungua homa. Atakata pakiti kubwa ampe kipande. Mtoto anatibiwa, ila baada ya wiki chache za wakubwa nazo zimekwisha, na leja haisemi kwa nini.

Mwaka 2009 lilianza jaribio lililoitwa SMS for Life katika vituo 129 vya Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Kila wiki mhudumu alipokea ujumbe kwenye simu yake mwenyewe, akajibu kwa kutaja idadi ya pakiti zote nne na kwinini ya sindano. Kutuma kulikuwa bure, na aliyejibu aliwekewa salio. Salio hilo kwangu ndilo lililokuwa na akili kuliko teknolojia yote: asilimia 95 ya majibu yalirudi. Viongozi wa afya wa wilaya waliona nani amepungukiwa na nani anazo za ziada, wakahamisha au wakaagiza kwa dharura.

Mwanzoni asilimia 78 ya vituo vilikosa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Lindi Vijijini upungufu uliisha kufikia wiki ya nane. Maana yake vilivyobaki na pengo vilikuwa hasa Ulanga na Kigoma, ingawa ujumbe uliotumwa ulikuwa uleule. Simu inaonesha boksi liko wapi. Kulisogeza kunahitaji gari, mafuta na mtu mwenye mamlaka ya kusema litoke, na bohari kuu ikiwa tupu hata hao hawana cha kupakia.