Faili ghafi la picha, na mahali uhariri wako unapokaa

Ukifungua menyu ya kamera ya Canon, Nikon, Sony au Fujifilm na kutafuta ubora wa picha, utakutana na machaguo mawili makubwa: JPEG na RAW, yaani faili ghafi. Wapiga picha wa harusi wa Uganda, kuanzia Arua hadi Masaka, wanajua kwamba RAW ndiyo ya watu wa kazi, na wanajua pia kwamba inajaza memori kadi upesi. Zaidi ya hapo maelezo mengi ni ya kusikia kwa watu. Na lipo jambo moja ambalo mtu halioni mpaka aitumie kwa miaka: ukihariri faili ghafi, uhariri wako haukai ndani ya faili hilo. Unakaa kwenye programu.

Faili ghafi halijawa picha. Kihisi cha kamera hakijui rangi, kinapima wingi wa mwanga tu. Ili rangi ipatikane, kila nukta ya kihisi imefunikwa kichujio kidogo cha kijani, chekundu au cha bluu, kwa mpangilio aliobuni Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, ambao hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Nusu ya vichujio hivyo ni vya kijani, robo vyekundu na robo vya bluu. (Kamera nyingi za Fujifilm zina mpangilio wao, na ndiyo sababu baadhi ya programu zimehangaika nazo.) Maana yake ni kwamba kila nukta imepima rangi moja tu kati ya tatu. Mbili zinazokosekana lazima zikisiwe kwa kutazama nukta jirani, na makisio hayo ndiyo kazi ya kwanza ya programu yoyote ya RAW. Kwa hiyo faili moja likifunguliwa kwenye Lightroom, kisha Capture One, kisha darktable, zinatoka picha tatu zisizofanana, na hakuna hata moja inayoweza kujiita ndiyo ya kweli.

Ukipiga JPEG, kamera inafanya makisio hayo yenyewe, inaongeza rangi na ukali kadiri kiwanda kilivyoona vema, inabana matokeo, na kila kilichosalia inakitupa. JPEG inabaki na ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384.

Namba hizo utaziona kwa macho kwenye kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi ukweni. Saa saba mchana, bwana harusi amevaa kanzu nyeupe, nusu ya mwili iko juani na nusu iko chini ya hema, na nyuma yake wazee wamekaa kivulini. Kwenye JPEG kanzu iliyo juani inageuka bapa jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja, na taraza ya shingoni inapauka. Ukijaribu kuzivuta nyuso za wazee zitoke gizani, zinakuja na ukijivu kama wamepakwa majivu. Kwenye faili ghafi unashusha sehemu za mwanga mkali, mikunjo ya kitambaa inarudi, taraza inapata tena wekundu wake, na nyuso zinapanda bila ngozi kupoteza joto lake. Ngozi nyeusi ndiyo inayofaidi zaidi hapa, maana tofauti ndogondogo za rangi kwenye kivuli cha shavu ndizo JPEG inazozifuta mapema.

Lakini huruma ya faili ghafi ina mpaka, na mpaka huo uko upande wa juu. Kihisi kinahesabu kwa mstari ulionyooka: mwanga ukiongezeka mara mbili, namba nayo inaongezeka mara mbili. Katika zile ngazi 16,384, ngazi 8,192 zinachukuliwa na nusu ya juu kabisa ya mwanga, 4,096 na hatua inayofuata, 2,048 na ile ya chini yake, na kuendelea hivyo hadi vivuli vya mwisho vinavyogawana makombo. Uso uliozama gizani unaweza kuinuliwa ukikubali chengachenga kidogo, zile nukta za ovyo zinazotokea gizani. Kanzu iliyoungua, yaani pale ambapo kihisi kilishajaa, hairudishwi na programu yoyote, hata iuzwe ghali namna gani. Aliyezoea RAW hupima mwanga wa kanzu kwanza, ya nyuso atayamalizia mezani.

Jambo jingine ni turubai. Hema jekundu linamwaga wekundu juu ya kila aliye chini yake, na shangazi wa bibi harusi akiona picha atauliza, "Kijana wangu, mbona umenifanya mwekundu hivi?" Kwenye faili ghafi, uwiano wa weupe, yaani kipimo kinachofanya cheupe kionekane cheupe, ni maandishi ya pembeni tu. Programu inazidisha namba za nyekundu na bluu upya, basi, na hakuna kilichoharibika. Shida inabaki pale upande mmoja wa uso unapopata mwanga wa hema na upande wa pili mwanga wa nje. Hapo kipimo kimoja hakitoshi, lazima uchore eneo na kulirekebisha peke yake.

Kitu kinachowatisha wengi siku ya kwanza: picha inaonekana nzuri kwenye kompyuta kwa sekunde moja, kisha inafifia mbele ya macho yako. Haijaharibika. Ndani ya kila faili ghafi kamera imeficha JPEG ndogo, ndiyo ile unayoiona kwenye kioo cha nyuma, na programu inakuonyesha hiyo kwanza wakati inapiga hesabu zake. Hesabu zikiisha unaona tafsiri ya programu, bila mapambo ya kamera.

Sasa tuje kwenye uhariri wenyewe. Fundi cherehani akimpima mtu gomesi, gauni la heshima la wanawake wa Uganda, anaandika vipimo kwenye daftari, na kitambaa bado kizima. Programu za RAW zinafanya hivyo hivyo. Unaposogeza mwangaza, unapokata pembeni, unapopunguza wekundu, faili halikuguswa. Kilichoongezeka ni mistari kwenye daftari. Kila mara programu inafungua faili, inasoma mistari, inakuonyesha matokeo. Uzuri wake ni kwamba unaweza kufuta kila kitu miaka kumi baadaye na kuanza upya. Ubaya wake ni kwamba kila fundi ana mwandiko wake.

Daftari hilo unaweza kuliona. Lightroom Classic inaliweka kwenye katalogi, ambayo ni hifadhidata moja kwa picha zako zote. Ukiiambia iandike pia kando ya kila picha, inatengeneza faili dogo la XMP lenye jina lilelile la picha. Lifungue kwa Notepad, utakuta mstari kama crs:Exposure2012="+0.85". Hiyo ndiyo saa nzima uliyokaa mbele ya kompyuta: neno na namba. Na hiyo 2012 ni jina la hesabu zilizotumika, si mwaka uliopiga picha. Adobe, kampuni inayotengeneza Lightroom, ilishabadilisha hesabu zake zaidi ya mara moja, na picha ya zamani inabaki na hesabu za zamani mpaka wewe mwenyewe ukubali kuihamisha. darktable nayo huwaachia wahariri wa zamani vifaa vilivyostaafu ili kazi zao zisibadilike sura. Kwangu huu ndio uungwana mkubwa wa programu hizi, na hausifiwi vya kutosha.

Ukipeleka XMP ya Lightroom kwa darktable, itachukua kidogo, kama ukataji na mwangaza, mengine itayaacha. Si uzembe wa mtu. +0.85 ya huyu ni hesabu tofauti na ya yule.

Waliotumia Aperture, programu ya RAW ya Apple, wanalijua hili kwa maumivu. Apple iliitoa mwaka 2005, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Lightroom ya kwanza ya 2007, na watu walijenga maktaba nzima ndani yake. Mwaka 2014 Apple ikatangaza kwamba haiendelei nayo, 2015 ikaiondoa dukani, na macOS ya 2019 ikakataa kuifungua. Mafaili ghafi ya watu hao yako salama hadi leo, yanafunguka popote. Kilichopotea ni daftari.

Lightroom nayo ilihama njia. Toleo la 6, la mwaka 2015, ndilo lilikuwa la mwisho kununuliwa mara moja na kuwa lako; tangu 2017 ni kulipa kila mwezi au kila mwaka. Ukiacha kulipa, Lightroom Classic inakuruhusu kuangalia picha zako na kuzitoa, lakini chumba cha kuhariri kinafungwa. Kwa mpiga picha wa Uganda malipo hayo ni ya dola kupitia kadi, na shilingi haikai mahali pamoja. Ongeza bando la kuthibitisha malipo na kupakua matoleo mapya, ambalo tangu Julai 2021 linabeba kodi ya asilimia 12. Wanaoshauri "weka RAW zako zote mtandaoni" hawajapakia harusi ya picha 1,500 kwa bando. Faili moja la kamera ya megapikseli 24 ni kama megabaiti 25 hadi 30, kwa hiyo harusi hiyo inakaribia gigabaiti 40.

Je, nilipe au nisilipe? Rai yangu ni hii: kama harusi ndizo zinazokulisha, lipa, kwa sababu kasi ya kuchagua na kunakili uhariri kutoka picha moja hadi mia mbili inarudisha pesa yake. Kama unajifunza, au unapiga picha za ndege kwenye hifadhi ya Murchison mwisho wa wiki kwa raha zako, darktable na RawTherapee ni za bure na zina nguvu kweli. darktable ilianzishwa na Johannes Hanika mwaka 2009 na iliingia Windows mwishoni mwa 2017. Haikubembelezi. Wiki za kwanza utaitukana. Lakini inaandika XMP kando ya kila picha bila kuombwa, na hilo peke yake ni kinga kubwa mahali ambapo umeme unaweza kukatika hifadhidata ikiwa katikati ya kuandika.

Upande wa faida, miaka inalitendea faili ghafi vizuri kuliko inavyoitendea kamera. Picha ya ukumbi wenye giza iliyopigwa 2012 na kutoka na chengachenga tele inaweza kufunguliwa leo kwenye DxO PhotoLab au Lightroom na kusafishwa kwa namna ambayo wakati ule haikuwepo, mradi kompyuta iwe na kadi ya michoro yenye nguvu. JPEG ya siku ileile haipati bahati hiyo. Shida ni kinyume chake: kamera mpya na programu ya zamani. Lightroom 6 haijui kamera zilizotoka baada ya masasisho yake kuisha, na njia ya kuzunguka ni kugeuza mafaili kuwa DNG, muundo ulio wazi ambao Adobe iliutoa mwaka 2004, kwa kigeuzi chao cha bure.

Si kila kazi inataka RAW. Anayepiga mahafali Makerere na kuuza picha iliyochapishwa palepale Freedom Square hana saa ya kuhariri, JPEG inamtosha. Picha za pasipoti vilevile.

Kwa anayebaki na RAW, tabia za kujenga ni chache. Washa uandishi wa XMP siku ya kwanza. Katalogi iwe na nakala kwenye diski ya pili, isiwe ileile inayobeba picha. Na zile picha ambazo familia itaziuliza tena, zile thelathini au hamsini za kila harusi, zitoe pia kama TIFF za biti 16 na kuziweka kwenye folda ya mafaili ghafi. Ni nzito, moja ya megapikseli 24 isiyobanwa inafika kama megabaiti 140, lakini rangi na mwanga ulioweka vimeshaingia ndani yake, na programu yoyote ya picha inayosoma TIFF itaifungua bila kuuliza ulitumia nini.