Umeme wa Mimea Hautoki Kwenye Jani

Dhana: Mmea umejaa umeme, chomeka waya tu uuvune.

Wengi wameipata kwenye jaribio la shuleni, la kuchomeka msumari wa zinki na kipande cha shaba ndani ya limau. Ukweli ni kwamba pale nishati hutoka kwenye zinki inayoliwa taratibu. Zinki ikiisha, umeme nao umekwisha, hata limau likiwa bichi.

Umeme wa mimea hai una asili nyingine kabisa. Jani hunasa mwanga wa jua na kutengeneza sukari. Mmea hauitumii yote. Sehemu yake huvuja kupitia mizizi hadi udongoni. Humo wamo bakteria, wakiwemo wa jamii ya Geobacter, ambao huivunja pasipo oksijeni na kuachia elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme. Elektrodi, yaani kipande cha kupitishia umeme, ya kaboni iliyofukiwa kwenye tope huzipokea, kisha waya huzipeleka kwenye elektrodi ya pili iliyo karibu na hewa. Mwendo huo ndio umeme wenyewe. Kwa hiyo mpunga na matete hufaa zaidi: tope lililofunikwa na maji halipitishi hewa.

Dhana: Mmea utadhoofika.

Kinachotumika ni kile ambacho mizizi imekwisha kukitoa. Hakuna kinachokatwa wala kuchomwa.

Dhana: Giza likiingia, umeme unakatika.

Bakteria huendelea kula usiku. Adui wao ni ukame, kwa sababu udongo ukikauka oksijeni hupenya.

Dhana: Ni ndoto tu za maabara.

Mtaalamu wa mimea M. C. Potter wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, alionyesha mwaka 1911 kwamba vijidudu huzalisha umeme. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, wakaliunganisha wazo hilo na mimea hai, na mwaka 2014 taa ndogo zaidi ya 300 za LED ziliwashwa kwa njia hii karibu na Amsterdam.

Dhana: Utachukua nafasi ya paneli za jua.

Hapa ndipo ahadi tamu hupotosha watu, nami naona ni heri waambiwe mapema. Vipimo vizuri vya muda mrefu havijafika hata nusu wati kwa mita moja ya mraba, ilhali paneli ya eneo hilohilo hutoa wati 150 hadi 200 juani. Taa ya wati 10 tu ingehitaji zaidi ya mita 20 za mraba za kinamasi. Lakini kifaa kidogo cha kupima joto au unyevu, kilichowekwa bondeni ambako hakuna wa kwenda kubadilisha betri, hakihitaji zaidi ya hicho kidogo.