Si jini, ni jeni

Walimleta paka wao ndani ya boksi la sabuni lililofungwa kwa kamba ya katani, mafundo matatu. Mjukuu ndiye aliyelibeba. Bibi mwenyewe alisimama mlangoni, hakutaka kusogea karibu na meza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyo msimfungue hivi hivi. Kapandisha."

Na boksi kweli lilikuwa linatetemeka. Nilipokata kamba nikamkuta dume jeusi, mdomo umejaa povu, masikio na ngozi ya uso vinarukaruka, miguu imekakamaa, mboni zimetanuka hadi macho yote yakawa giza. Kijana akanieleza kwamba hali ilianza alfajiri, na kwamba jirani yao alishatamka kuwa paka mweusi hafugwi bure, kuna kitu ndani yake kilikuwa kinatafuta njia ya kutoka. Nikainama nikanusa manyoya.

"Mmempaka nini?"

Kimya. Kisha kijana, kwa sauti ya chini, akasema jana jioni alimmwagia ile dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe wa mjomba, maana viroboto walizidi.

Pepo wetu akawa amepatikana. Dawa nyingi za kuogeshea mifugo zimetengenezwa kwa mfano wa sumu iliyomo kwenye maua ya pareto: permethrini, sipermethrini na ndugu zao. Ng'ombe anazimudu, mbwa anazimudu, lakini ini la paka ni dhaifu sana katika kuzivunja. Zinabaki mwilini zikichokoza mishipa ya fahamu, mnyama anatetemeka, anatoa mate, anashikwa na degedege, na anaweza kufa. Tulimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, nikamchoma dawa ya kutuliza degedege, akalazwa. Siku ya tatu alikuwa anakula dagaa na kumfokea mbwa wa jirani dirishani.

Natibu wanyama hapa Dar es Salaam, na kitu hiki nimekiona mara nyingi. Paka wa mistari akitetemeka, watu husema amekula sumu, wanamkimbiza kwa daktari. Paka mweusi akitetemeka, husema kapandisha, wanaanza kumtafuta mtu wa kumsomea. Sumu ni ile ile na tiba ni ile ile. Rangi inawapotezea saa tano au sita, na kwa sumu ya aina hii saa sita ni nyingi mno.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la asili yake. "Dokta, jike langu ni la mistari, na dume la mtaani ni la mistari. Huyu mweusi katoka wapi?" Anayeuliza mara nyingi ameshajijibu kimoyomoyo, ananipima tu.

Mshike paka wa mistari uuangalie unywele wake mmoja mmoja. Utaona hauna rangi moja: una mikanda, mweusi, kisha wa manjano iliyofifia, kisha mweusi tena. Kuna jeni (maelekezo ya mwili ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi), wataalamu huiita ASIP, ambayo kazi yake ni kuliambia shina la unywele lisitishe rangi nyeusi kwa muda na kuweka ile ya manjano. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba kwa paka weusi jeni hiyo ina kipande kidogo kilichodondoka, herufi mbili tu za DNA. Amri ya kusitisha haitoki, basi unywele unatoka mweusi toka shinani hadi nchani. Ila ili hilo litokee, mtoto lazima arithi nakala mbovu kwa baba na nyingine kwa mama. Mzazi mwenye nakala moja mbovu na moja nzima anabaki wa mistari, hujui kabeba nini. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa mweusi. Kwa hiyo jibu langu huwa: katoka kwa baba na mama yake. Si jini, ni jeni. Tena jike la paka linaweza kuzaa watoto wa baba tofauti kwa mimba moja, kwa hiyo hata lile dume la mtaani usilitwishe mzigo wote.

Jeni hiyo hiyo ya ASIP ndiyo humfanya chui awe mweusi. Mwaka 2019 picha za chui mweusi wa Laikipia, Kenya, zilizunguka dunia nzima, na wageni wakafunga safari wakitumaini kumwona. Chui mweusi analipiwa fedha za kigeni, binamu yake wa uani anarushiwa ndala.

Jambo la pili linalowatisha watu ni rangi kubadilika. "Alikuwa mweusi tii, sasa anageuka mwekundu." Hilo ni kweli, hawajaota. Jua kali huchakaza weusi wa manyoya likaacha rangi ya kutu, hasa mgongoni, kwa paka anayeshinda juu ya ukuta. Sababu ya pili ni jikoni. Weusi wa unywele ni melanini, na melanini hutengenezwa kwa tairosini, kijenzi cha protini ambacho paka hukipata kwenye nyama na samaki. Paka weusi waliolishwa kwa makusudi chakula chenye upungufu wa tairosini waligeuka wekundu-kahawia. Sasa fikiria paka anayekula ugali na mchuzi mwaka mzima. Ninapomwona mweusi aliyeiva kutu mwili mzima, swali langu la kwanza ni analishwa nini. Na kuna kinyume chake: watoto wanaozaliwa wa kijivu kama majivu kwa kuwa mama alipata homa wakati wa mimba, halafu miezi inavyopita wanakolea na kuwa weusi. Aliyempa jina Majivu inabidi atafute jingine.

Macho ni habari fupi. Nyuma ya retina ya paka, ile sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga, kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo, ili mwanga upite mara mbili kwenye jicho. Ndiyo maana anaona kwa mwanga ambao ni kama sehemu moja ya sita ya ule tunaouhitaji sisi. Karibu paka wote wanao. Ila umeme umekatika, umewasha tochi ya simu, paka mweupe utamwona mzima, mweusi utaona macho mawili yanaelea. Kile kilio cha usiku juu ya bati, kinachofanana na cha mtoto mchanga, ni jike lililo kwenye joto na madume yanayoligombania. Kwenye nchi za baridi majike hupumzika siku zinapokuwa fupi. Huku kwetu karibu na ikweta mchana haupungui sana, kwa hiyo kelele ni mwaka mzima. Tiba yake ni kuhasi.

Lakini siamini kwamba hofu hii yote ni ya kutojua jeni. Kwa mganga, rangi ni lugha: nyeupe, nyekundu, nyeusi, kila moja na kazi yake. Kaniki, kuku mweusi, mbuzi mweusi, haya ni maneno ambayo mtoto wa pwani anakua akiyasikia, hata kama kwao hawaendi kwa mganga. Paka mweusi anaingia kwenye lugha hiyo bila kuombwa. Mwaka fulani alikuja kijana mtanashati, akavua kofia kwa adabu, akaniuliza kama ninaye paka mweusi wa kununua, "asiwe na hata unywele mmoja mweupe." Sikumuuliza wa nini. Nilimweleza tu kwamba paka wa namna hiyo ni adimu kuliko anavyodhani, kwani weusi wengi ukiwageuza utakuta kijidoa cheupe shingoni au kwenye kinena, na kwamba ningekuwa naye nisingemuuzia. Akaaga vizuri. Tangu siku hiyo simtoi paka mweusi kwa mtu nisiyejua anakoishi.

Wazungu nao wana yao, na mtandaoni yamechanganywa na yetu mpaka mtu hajui lipi la nani. Mwaka 1233 Papa Gregory IX aliandika waraka uitwao Vox in Rama kuhusu watu waliotuhumiwa kupotosha imani huko Ujerumani, na ndani yake mna ibada ya siri anamotokea paka mweusi. Utasoma kwamba waraka huo uliamuru paka wauawe, panya wakajaa, ndipo tauni ikaifyeka Ulaya. Waraka hauna amri hiyo, na tauni yenyewe iliingia 1347, zaidi ya miaka 100 baadaye. Uingereza, ambako nako wachawi walidaiwa kutumia paka, watu wengi husema paka mweusi akikukatizia njia ni heri. Japani huweka dukani sanamu ya paka aliyeinua mkono, na yule mweusi kazi yake ni kufukuza mabaya. Ukipanda meli na nuksi yako, bandari inayofuata inageuka baraka.

Upande wa dini nawaachia masheikh, ila kwa kuwa wateja wangu wengi ni Waislamu huwa nawakumbusha wanachokijua tayari: Abu Huraira, sahaba wa Mtume, kaitwa baba wa kapaka, na yule mwanamke wa kwenye hadithi aliadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Hadithi hizo hazikutaja rangi. Mara nyingi mtu akinijibu kwamba ipo inayosema mweusi ni shetani, nikimwomba aisome, inakuwa ni ile ya mbwa.

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi, nalo ni la paka mweupe. Kila mtu anamtaka mweupe. "Dokta, ukipata mweupe nikumbuke." Paka mweupe, hasa mwenye macho ya bluu, ana uwezekano mkubwa wa kuzaliwa kiziwi, hasikii bodaboda inayokuja. Na ncha za masikio na pua yake hazina melanini ya kuzuia jua. Hapa tuko kama nyuzi saba kusini ya ikweta. Inaanza na wekundu kwenye ukingo wa sikio, kisha gaga kama la muwasho, kisha kidonda kisichopona. Mwenye paka anadhani kang'atwa na panya, anapaka mafuta ya nazi, mwezi wa tatu sikio limeliwa nusu. Hiyo ni saratani ya ngozi. Ikiwahiwa nalikata sikio na paka anaishi. Ikichelewa inapanda kichwani. Masikio niliyoyakata kwa ugonjwa huo yalikuwa ya paka weupe, au ya madoa yenye masikio meupe. La mweusi sijawahi kulikata. Kama kuna rangi yenye mkosi kwenye jua la Dar, ni hiyo inayogombaniwa.

Mweusi ana taabu yake moja ya kweli: anaficha. Jipu la kung'atwa na dume mwenzake huonekana mara moja kwa paka mweupe. Kwa mweusi hadi linuke. Kwa hiyo mpapase kwa vidole kila wiki, shingoni, mashavuni, shina la mkia, ukitafuta uvimbe au joto. Fungua mdomo uone ufizi. Ukiwa mweupe kama karatasi, ana upungufu wa damu. Kwa viroboto, mchane juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Vikidondoka vichembe kama vya majani ya chai na kuacha madoa mekundu-kahawia, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu yake iliyokauka. Hapo njoo uchukue dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka. Ya ng'ombe iache kwa ng'ombe. Na panadol usimpe kabisa, hata robo, inamwua.

Yule dume wa boksi la sabuni bado yupo. Bibi alikuja naye mwezi jana kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, safari hii amempakata mwenyewe kwenye kanga. Nilipomuuliza jina la paka kwa ajili ya kadi akasita kidogo, kisha akasema, "Andika Dokta."

Kwa anayehitaji, kliniki kuna watoto watatu wa paka wa wiki tisa, wamepewa dawa ya minyoo, wawili weusi na mmoja wa mistari. Wa mistari kachukuliwa jana.