Shore anaimba kila asubui, lakini pori haiko sawa

Banasema: "kama ndege bado banaimba, pori yetu iko muzima." Minasikia maneno hii kila mara hapa Bukavu na inaniuma kabisa, juu ndege mwenyewe banasikia ni shore, yule wa kichwa nyeusi na manjano chini ya mukia. Shore anaishi vizuri katikati ya muji, ku Muhumba sawa vile ku Kadutu, anadonoa papai ya parseli yako, anajenga ku avoka ya jirani, hana haja ya pori. Hata ukikata miti yote ya mulimani, kesho asubui atakuimbia.

Muti yenye iko na shida ni Prunus africana, ile ya milima kama kule Kahuzi. Ni ndugu ya pechi: sugua jani mu mikono, nusa, utasikia harufu kali ya lozi. Ganda yake njo inatafutwa, banafanya nayo dawa ya prostate (tezi ya wanaume), brevet ya hiyo dawa iliandikishwa Ufaransa mu 1966.

Halafu banasema "ganda inarudiaka, chuna tu." Hapo kuna nusu ya kweli. Ukitoa upande moja na ule wenye unatazamana nayo, ukiacha zingine, na kisu isiingie sana ndani, ganda inaweza kurudi. Lakini mutu mwenye haraka anazungusha kisu muti muzima, basi chakula yenye majani inatengeneza haishuke tena ku mizizi, na muti inakauka ingali imesimama, polepole, unaweza pita pale miezi ukizani iko muzima.

Kwamba inauzwa kwa ruhusa haina maana iko mingi. Ruhusa yenyewe iliwekwa juu inapunguka, CITES, mapatano ya inchi nyingi juu ya biashara ya nyama na miti ya pori, inaichunga tangu 1995.

Ya mwisho yenye inanikasirisha: "ndege atapanda." Ni kweli ndege banakula zile matunda yake ndogo na banatawanya mbegu, lakini banaitosha wapi kama muti mama imekufa? Na mbegu ikikauka sana haiote tena, inafaa kupandwa ingali mbichi, kama vile banafanya ku mashamba ya Kenya na Kameruni.

Chini ya avoka yetu kila mwaka inaota papai na mapera zenye shore ameangusha. Prunus sijaonaka hata moja.