Msimbo wa hitilafu kwenye jiko la indaksheni: E1, E3 na wenzake wanamaanisha nini

Jiko la indaksheni likikataa kupika huandika kitu kwenye kile kidirisha chake cha taa: E1, E3, E6, mara nyingine F badala ya E. Huo ndio msimbo wa hitilafu. Wengi huuchukulia kama jina la kifaa kilichokufa, na wapo wanaokwenda dukani kuulizia "spea ya E3". Spea hiyo haipo. Msimbo unataja kipimo ambacho kompyuta ndogo ya jiko imekisoma na kukikuta nje ya mipaka iliyowekewa kiwandani. Kati ya kipimo hicho na hali halisi ya jiko kuna sensa, nyaya, rezista, lehemu na vumbi, na ubovu unaweza kujificha popote hapo.

Tuanze na jiko lenyewe. Chini ya kioo kuna koili ya nyaya nyembamba za shaba. Umeme wa ukutani hugeuzwa kwanza kuwa DC, yaani umeme wa mkondo wa upande mmoja, halafu transista kubwa iitwayo IGBT huukata na kuurudisha mara 20,000 na zaidi kwa sekunde. Hapo hutokea uga wa sumaku unaobadilika haraka, nao huzalisha mkondo ndani ya kitako cha sufuria. Kitako ndicho kinachopata moto, na kioo hupata joto lake kutoka kwa sufuria. Jiko la pleti moja hula hadi wati 2,000 hivi, kwa hiyo kompyuta haiwezi kuiachia IGBT ijiendee. Muda wote inaangalia mambo manne: joto la kioo, joto la IGBT, volti inayoingia, na kama juu kuna chombo kinachonasa sumaku. Karibu kila msimbo utakaouona unatokana na mojawapo ya hayo.

Namba ndizo zinazochanganya, kwa sababu hakuna kanuni moja. Kwenye jiko hili E1 ni sufuria haipo, kwenye jiko la jirani E1 ni sensa imekatika. Magari yalinusurika na vurugu hiyo: Marekani iliagiza OBD-II, mfumo mmoja wa misimbo ya hitilafu, kwa magari madogo kuanzia yale ya mwaka 1996, ndiyo maana P0300 ni injini kumisi, iwe Toyota au Ford. Majiko hayana makubaliano kama hayo. Orodha ya misimbo ya jiko la kampuni nyingine ni sawa na kutokuwa na orodha. Tafuta kijitabu cha modeli yako, na kama kilishapotea, soma modeli kwenye lebo iliyobandikwa chini ya jiko uanzie hapo. Na kabla ya kumwita fundi hakikisha ulichokiona ni hitilafu kweli. Kwenye majiko mengi H maana yake kioo bado kina moto, na L maana yake vitufe vimefungwa ili watoto wasichezee. Kubonyeza kitufe cha kufuli kwa sekunde chache kunatosha.

Sufuria nayo huwaponza watu. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na alumini hainasi sumaku. Jiko litalia pii pii, litaandika msimbo wake wa "hakuna chombo", kisha litajizima. Chukua sumaku ya mlango wa friji uibandike kwenye kitako: ikiganda vizuri, sufuria inafaa. Kibirika chenye kitako cha upana mdogo kinaweza kukataliwa hata kama ni cha chuma.

Ukishavuka hapo, swali linalosaidia kuliko namba yenyewe ni hili: msimbo unatokea lini? Ukitokea mara tu unapochomeka, shuku sensa au volti. Ukitokea baada ya maharage kuchemka robo saa, shuku joto: feni imekwama, matundu ya chini yamezibwa na kitambaa cha mezani, au jiko limesukumwa hadi ukutani na linavuta hewa yake yenyewe ya moto. Kuna lile linalopika dakika moja hivi, kisha linaandika sensa mbovu. Hilo linahitaji kuelezwa.

Sensa ya joto la kioo ni punje ndogo inayokaa katikati ya koili, imepakwa krimu nyeupe ya kupitisha joto na kubanwa dhidi ya kioo, na ina nyaya mbili nyembamba. Ukinzani wake hushuka joto linapopanda. Nyingi ni za kilo-omu 100 kwenye nyuzi 25, kwa hiyo kwenye chumba cha Dar chenye nyuzi 30 mita itasoma kama 80. Kompyuta haioni joto, inaona volti tu inayotokana na ukinzani huo. Waya ukikatika, ukinzani unakuwa mkubwa mno, na kwa kompyuta hiyo ni sawa na kioo kilicho baridi kupita kiasi. Nyaya zikishoti, inaona kioo kinachoungua. Kwa kuwa jiko la baridi na waya uliokatika hukaribiana machoni mwake, baadhi ya majiko husubiri kwanza: yanawasha moto, yanaona joto halipandi, ndipo yanalalamika. Hiyo ndiyo dakika moja ile. Kuipima sensa ni rahisi. Jiko likiwa limechomolewa, toa plagi ya sensa kwenye bodi ya saketi, weka mita kwenye ncha zake mbili, kisha ibane ile punje kwa vidole. Namba ikishuka taratibu, sensa ni nzima, na fundi anayetaka kukuuzia nyingine atafute tatizo kwenye plagi au bodi.

Msimbo wa volti nao hupaswa kuhojiwa vivyo hivyo. Majiko mengi hugoma volti zikishuka hadi 170 hivi au zikipita 260 na kitu. Jioni mtaa mzima ukiwasha majiko, pasi na friji, umeme mdogo ni jambo la kweli, na jiko halina kosa. Lakini pima jiko likiwa linapika, maana soketi isiyobeba mzigo hudanganya. Wati 2,000 kwenye volti 230 ni karibu ampea 9, na ekstensheni nyembamba hupoteza volti nyingi njiani huku ikipata moto. Mita ikisema 230 wakati jiko linang'ang'ania kwamba umeme uko chini, msemaji mbaya ni jiko. Volti hupimwa kupitia rezista za mamia ya kilo-omu, na hizo huchakaa kwa kupanda thamani. Zipime jiko likiwa limechomolewa na kapasita, vile vifaa vinavyotunza umeme, zimeisha chaji. Ikiwa juu ya bodi rezista ya 330 inasoma 420, ni mbovu bila ubishi, kwa sababu njia nyingine za bodi zinaweza kuipunguza namba hiyo tu, haziwezi kuiongeza.

Na mende. Bodi ina uvuguvugu, giza na mabaki ya mafuta, na uchafu wao ukichanganyika na mvuke hupitisha umeme kati ya njia ambazo hazikupaswa kukutana. Jiko linaloandika msimbo tofauti kila siku lifunguliwe na kusafishwa kwa brashi na spiriti, likauke kabisa, kabla ya kununua kifaa chochote.

Ubovu mzito zaidi mara nyingi hauandiki kitu. IGBT ikishoti, fyuzi inaungua na kompyuta inakosa umeme wa kuandikia. Usibadilishe fyuzi peke yake, na usiizibe kwa kipande cha waya: mpya itapasuka papo hapo. Mafundi wazoefu huliwasha jiko la namna hiyo kupitia balbu ya nyuzi ya wati 100. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo. Kazi hiyo si ya mtu asiyezoea, kwa kuwa upande wa DC una volti zaidi ya 300, na kapasita inaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kutolewa.

Kioo kilichopasuka pia hakina msimbo. Jiko litaendelea kupika kama kawaida huku maji ya sufuria yakipenya kwenda kwenye koili, kwa hiyo ukiona ufa, chomoa.