Fernando Torres: goti ndilo lililomponza, si bei ya Chelsea

Kila usajili wa Januari unapojadiliwa, jina la Fernando Torres, mshambuliaji wa zamani wa Hispania, halikosi kutajwa, na mara nyingi anaonewa.

Wengi husema alikuwa wa moto Liverpool, Chelsea wakamnunua kwa pauni milioni 50 tarehe 31 Januari 2011, na uzito wa bei hiyo ukammaliza. Lakini mwili ulianza kumgomea akiwa bado Anfield, uwanja wa Liverpool. Mwaka 2010 alipasuliwa goti mara mbili, Januari na Aprili, na Juni akawa Afrika Kusini kwenye Kombe la Dunia. Hakufunga hata bao moja huko. Fainali aliingia muda wa nyongeza na kuimaliza akiwa ameumia tena. Silaha yake kubwa ilikuwa kufyatuka ghafla na kumwacha beki. Waliomwona Machi 2009 pale Old Trafford akimpokonya Nemanja Vidić, beki wa Manchester United, mpira na kwenda kufunga, Liverpool wakishinda 4-1, wanajua ninachosema. Kwa maoni yangu, kasi ile ilipotea kabla hata hajavaa jezi ya bluu ya Chelsea.

Eti Chelsea hakufanya lolote? Mabao 45 katika mechi 172 ni machache kwa fedha ile, sibishi. Hata hivyo msimu wa 2012/13 alifunga mabao 22, akapata bao katika mashindano saba tofauti, likiwemo la fainali ya Europa League dhidi ya Benfica.

Lile bao la Camp Nou, uwanja wa Barcelona, kwenye marudiano ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Aprili 2012, nalo husimuliwa visivyo. Halikuipeleka Chelsea fainali. Barcelona walikuwa wakiongoza 2-1, jumla ya mechi mbili ikiwa 2-2, na kwa kanuni ya wakati ule ya bao la ugenini, bao la Ramires lilikuwa tayari linawavusha Chelsea, waliobaki kumi uwanjani. Torres alichofanya ni kumzunguka kipa Víctor Valdés dakika za majeruhi na kuzima matumaini ya wenyeji.

Na wanaosifu enzi zake za Liverpool wakumbuke: huko hakutwaa kombe lolote, licha ya mabao 81.

Linaloniumiza zaidi ni kusikia kwamba timu ya taifa ya Hispania alibebwa na viungo akina Xavi. Bao pekee la fainali ya Euro 2008, dhidi ya Ujerumani mjini Vienna, ni lake: alimpita Philipp Lahm kwa nguvu, akauinua mpira juu ya kipa. Miaka minne baadaye, akitokea benchi, aliwafunga Italia fainali na kumtengea Juan Mata bao la nne. Kiatu cha dhahabu cha Euro 2012, tuzo ya mfungaji bora, kilikuwa chake, wakati huohuo akichekwa huko Uingereza.

Wapo pia wanaoamini aliondoka Atlético Madrid, klabu ya utotoni mwake, bila kombe kubwa. Mei 2018, mjini Lyon, waliichapa Marseille 3-0 na kutwaa Europa League. Aliingia mwishoni kabisa, kisha akainua kombe pamoja na nahodha Gabi. Siku nne baadaye, mechi yake ya kuaga, aliwafunga Eibar mabao mawili.