Dira na chemba: pale kazi yetu inapoishia na ya kwako inapoanza

Masika yakianza, simu zinazoingia kwenye kituo chetu cha huduma huwa za aina mbili. Mmoja analalamikia bili: imepanda, na nyumbani hakuna mgeni aliyeongezeka. Mwingine analalamikia chemba ya majitaka iliyofurika mbele ya mlango, watoto hawana pa kupita. Wote wawili hutaka gari letu la Mamlaka ya maji lifike leo leo. Mara nyingi tunafika, na mara nyingi tunakuta tatizo liko mahali ambapo sisi hatuna mamlaka napo.

Malalamiko ya namna hii yameongezeka, ndiyo sababu ya kuandika. Mteja wa Dar es Salaam anapaswa kujua mipaka miwili. Upande wa majisafi mpaka ni dira, yaani mita ya maji. Upande wa majitaka, kwa aliyeunganishwa kwenye mtandao, mpaka ni chemba ya mwisho iliyo kwenye kiwanja chake kabla bomba halijaingia kwenye laini kuu. Bomba kutoka barabarani mpaka kwenye dira likipasuka ni letu, toa taarifa na hutadaiwa matengenezo. Kuanzia dira kwenda ndani ni lako, hata kama bomba limepita chini ya njia ya jirani. Dira yenyewe ni mali ya Mamlaka lakini ulinzi wake uko kwako. Ikiibwa, nenda polisi kwanza ukapate namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako, kisha uje nayo ofisini pamoja na bili yako ya mwisho. Bila RB hatuwezi kufungua maombi ya dira nyingine, na kumgombeza mhudumu wa dirishani hakubadilishi hilo.

Tuanze na bili. Sentensi ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Dira yenu inasoma upepo." Nitaijibu kwa haki. Ni kweli hewa iliyonaswa kwenye bomba inaweza kuzungusha dira maji yanaporudi baada ya mgawo. Inazunguka kwa muda mfupi, hewa inatoka, maji yanafuata. Lakini upepo hauelezi bili iliyopanda mara tatu na kubaki huko miezi minne mfululizo. Hapo kuna maji yanayopita, na yanakwenda mahali.

Kuyatafuta hakuhitaji mhandisi. Usiku kabla ya kulala, funga koki zote, piga picha ya dira. Alfajiri, kabla mtu hajaenda chooni, piga nyingine. Tarakimu nyeusi zinahesabu uniti, nyekundu ni sehemu za uniti, na ile nyota ndogo inayozunguka ndiyo mpelelezi wako: koki zote zimefungwa na nyota inazunguka, maji yanavuja au tangi linajazwa. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Koki inayodondosha matone mpaka kujaza chupa ya lita moja kwa saa inapoteza lita 24 kwa siku, lita 720 kwa mwezi, ndoo 36. Na hiyo ni koki moja ambayo watu wameizoea kiasi kwamba hawaisikii tena.

Wahalifu wakubwa, hata hivyo, hawasikiki kabisa. Wa kwanza ni tangi la choo cha kukaa. Mpira wa chini ukichakaa, maji huteleza taratibu kwenda kwenye bakuli mchana na usiku bila sauti. Tia kahawa ya unga au juisi ya unga yenye rangi ndani ya tangi, usivute maji kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Rangi ikionekana, mpira umekwisha, na mpira huo ni kifaa cha bei ndogo dukani. Wa pili ni boya la simtanki la juu. Katika maeneo yenye mgawo, maji hufika usiku wa manane yakiwa na nguvu. Boya lililokwama halikati, tangi linafurika nyuma ya nyumba watu wamelala, na asubuhi ardhi imeshayanywa. Wa tatu ni koki iliyoachwa wazi. Mtu anaifungua, anakuta pakavu, anaenda kazini bila kuirudisha, maji yanarudi saa nne. Wakati wa mgawo wa mwishoni mwa mwaka 2022, maji ya Ruvu yalipopungua, hili lilitokea sana.

Ukishayakagua hayo yote na bado huridhiki, una haki ya kuomba dira ipimwe. Unaandika barua au kujaza fomu, fundi wetu anaifungua dira mbele yako, anaweka nyingine, na ya kwanza inakwenda kupimwa. Ikibainika inasoma zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa, bili inarekebishwa. Ikibainika ni nzima, gharama za kupima ni za mteja. Naomba wateja wasome sentensi hiyo ya mwisho mara mbili kabla ya kujaza fomu. Usiporidhika na majibu yetu, ngazi inayofuata ni EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, lakini watakuuliza kama ulianza kwetu, kwa hiyo tunza nakala ya barua yako yenye muhuri wa kupokelewa. Baraza la watumiaji, EWURA CCC, linaweza kukusaidia kuandaa lalamiko bila malipo. Uamuzi wa EWURA nao unakatiwa rufaa kwenye Baraza la Ushindani.

Kuna jambo moja tunalolikuta kwenye ukaguzi ambalo wengi hawalioni kuwa kosa: pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba letu ili kuvuta maji yasiyo na nguvu. Pampu ya namna hiyo haimnyimi maji jirani tu. Bomba likivutwa, kila tundu dogo lililo njiani linageuka mdomo, na kilicholizunguka bomba chini ya ardhi kinaingia ndani. Kama bomba limepita kando ya mtaro au karibu na shimo la choo, malizia mwenyewe. Njia iliyo sahihi ni kuacha maji yajaze tangi la chini kwa nguvu yake, kisha pampu ivute kutoka kwenye tangi kupandisha juu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, kujiunganishia maji kinyemela na kuchezea dira ni makosa ya jinai. Utaratibu wetu ni huu. Wakaguzi wanapiga picha, wanajaza fomu ya ukaguzi, mteja anasaini; akikataa, kiongozi wa serikali ya mtaa anasaini kama shahidi. Huduma inasitishwa siku hiyo hiyo. Yanakadiriwa maji yaliyotumika bila kulipiwa, kwa kuzingatia ukubwa wa bomba na idadi ya watumiaji. Mteja anaandikiwa ankara ya maji hayo, faini, na gharama za kurudishiwa huduma. Asipolipa, jalada linakwenda kwa mwanasheria wetu. Na "fundi ndiye aliyefanya, mimi sikujua" si utetezi unaotufikisha mbali, kwa sababu maji yalikuwa yakitoka bombani kwako.

Sasa majitaka. Sehemu kubwa ya jiji haijafikiwa na mtandao wa majitaka. Wenye kuunganishwa wako zaidi maeneo ya zamani kama Posta, Kariakoo na Upanga. Wengine wengi wanategemea tangi la majitaka lililofukiwa na shimo la kunyonya, yaani linaloyaachia maji yanywewe na ardhi, na wengi hawajui mambo haya mawili hufanyaje kazi mpaka siku yanapogoma.

Kuziba huanzia jikoni. Huku kwetu bomba la sinki linabeba vitu ambavyo halikuumbiwa: machicha ya nazi, mabaki ya ugali, mafuta ya supu, na mchanga na majivu ya kusugulia masufuria. Mafuta ya ng'ombe yanamiminwa yakiwa moto, yanaganda mita mbili mbele, machicha yananasa humo, mchanga unakaa juu. Baada ya miezi kadhaa, bomba la inchi nne limebaki na njia ya kidole. Machicha yapeleke kwa kuku. Mafuta yaache yagande, yafute kwa karatasi, yatupe kwenye taka. Chooni, nepi, taulo za kike na vile vitambaa laini vya kufutia watoto haviyeyuki, haidhuru pakiti imeandikwa nini.

Kinachoudhi zaidi ni kuunganisha mabomba ya maji ya mvua kwenye chemba. Mwenye nyumba anajenga paa kubwa, anaweka mifereji mizuri, kisha anashusha maji yote kwenye chemba ya choo kwa sababu iko karibu. Mabomba ya majitaka hayakupimwa kupokea mvua. Masika yakifika, laini nzima inajaa na kinyesi kinafumuka kwa jirani wa bondeni, ambaye hajafanya kosa lolote, na ndiye anayetupigia simu akitukana. Wanaofunua mifuniko ya chemba barabarani ili mafuriko yaingie humo wanafanya jambo lile lile, pamoja na kuacha shimo ambalo mtoto anaweza kuzama.

Kwa wenye mashimo, nafafanua jambo moja linaloleta ugomvi na wenye magari ya majitaka. Katika maeneo ya mabondeni, maji ya ardhini hupanda wakati wa mvua. Unalipa gari, linanyonya, kesho shimo limejaa tena, unasema umeibiwa. Hujaibiwa. Shimo limejazwa na ardhi yenyewe. Mbaya zaidi, tangi la plastiki lililofukiwa likinyonywa lote kipindi hicho linaweza kuinuka na kuvunja mabomba yake, kwa sababu limekuwa chombo kitupu majini. Nyonya wakati wa kiangazi, usisubiri kufurika. Tangi la familia ya kawaida linahitaji kunyonywa kila baada ya miaka michache, kutegemea ukubwa wake na idadi ya watu. Uliza pia gari linakwenda kumwaga wapi. Yako mabwawa maalumu, kama yale ya Vingunguti, na dereva anayemwaga kwenye mto usiku anakuingiza wewe pia kwenye kesi.

Kuhusu kutapisha vyoo sitazunguka. Mvua inanyesha, mtu anatoboa shimo la choo ili kinyesi kiondoke na maji. Ni kosa chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 na sheria ndogo za halmashauri, na ni kosa pia kimazingira. Afisa afya wa kata anaweza kukupa notisi au kukufikisha mahakamani. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulifika mikoa mingi ya nchi hii. Anayetapisha anadhani ameokoa hela ya gari.

Usimruhusu mtu yeyote kuingia ndani ya tangi au shimo, hata kwa dakika moja kufuata ndoo. Humo mna gesi yenye harufu ya yai viza, na ikizidi pua huacha kuisikia, kwa hiyo kutosikia harufu si dalili ya usalama. Anayeshuka anaanguka, ndugu yake anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Na wanaomimina asidi ya betri kuzibua bomba wanajihatarisha, na wanaochanganya dawa ya choo yenye asidi na jiki wanatengeneza gesi ya klorini ndani ya chumba cha mita mbili kwa mbili. Kuzibua kuna waya wake, kuna fimbo zake, na kuna gari la kusukuma maji kwa nguvu kama waya umeshindwa.

Mnaniuliza fundi gani aitwe. Mamlaka haipendekezi fundi kwa jina na wafanyakazi wetu hawaruhusiwi kufanya kazi za ndani kwa malipo ya mkononi; akikuomba, ripoti. Uliza cheti cha ufundi bomba cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Wako mafundi wazuri waliojifunzia kazini, na VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wao, kwa hiyo "sikusoma" si sababu ya kukosa cheti. Mwambie aandike orodha ya vifaa kabla ya kununua. Fundi akikwambia bomba la majitaka litalazwa bapa, mrudishe kwao: bomba la inchi nne linahitaji mteremko wa takriban sentimita 2.5 kwa kila mita. Kabla ya kupiga plasta, jaza mabomba maji, funga, yalale hivyo usiku kucha, na upige picha za ukuta ukiwa wazi. Picha hizo zitakuokoa siku ya kutafuta uvujaji, kwani bila hizo fundi atabomoa vigae akibahatisha.

Lipo swali la wapangaji ambalo hunifikia kila wiki: dira moja, vyumba sita, bomba limepasuka chini ya uwanja, nani alipe? Mkigawana kwa kichwa au kwa chumba, hilo ni lenu na mkataba wenu wa pango, na mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwasuluhisha. Sisi tunaye mteja mmoja tu, yule ambaye jina lake limo kwenye mkataba wa huduma. Notisi ya kusitisha maji itaandikwa kwa jina lake hata kama anaishi Mwanza na hajawahi kuonja tone la maji hayo.